Smithi wa Nje ya Lango

Ukianguka njiani leo ukafa, nani atakuja kukuchukua? Usiniambie polisi, wala jirani, wala usinitajie rehema za Mungu. Nakuuliza mtu. Nani atasimama mbele ya watu aseme, huyu ni wetu, tupeni tumzike?

Mimi swali hili sikuwahi kujiuliza mpaka nilipomjua Thani bin Bakhit, ambaye Maskati nzima, ndani ya lango na nje ya lango, ilimwita Smithi. Wengine walidhani ni utani. Wengine walisema mambo juu ya mama yake na Waingereza, nayo sitayaandika kwa sababu ni uongo na mama yule hayupo kujitetea. Ukweli ni kwamba jina lile lilitoka kwenye karakana.

Karakana yenyewe ilikuwa Malindi, Unguja. Mhandisi mmoja wa Kiingereza aliifungua kabla ya vita vya kwanza, akaandika jina lake juu ya mlango kwa rangi nyeupe: Smith. Kwa lugha yao neno hilo ni mhunzi, mtu wa kufua chuma, ingawa Mwingereza mwenyewe alikuwa akicheka kwamba wazee wake wote walilima viazi na hapana aliyeshika nyundo kabla yake. Watu wa Malindi hawakushughulika na maana. Wao walisema, "Kipeleke kwa Smithi," na baada ya muda Smithi ikawa si mtu tena, ikawa mahali. Halafu jiriwa kubwa lililofungwa mezani, lile la kubania vyuma, nalo mafundi wakaliita smithi. Halafu wao wenyewe wakaitwa watoto wa Smithi, hata waliokuwa na mvi.

Bakhit, babake Thani, alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikufa kwa homa, na mkewe akamfuata mwaka ule ule. Mwingereza akamwacha mtoto alale karakanani, akaagiza apelekwe skuli. Mwalimu alipouliza huyu mtoto wa nani, fundi aliyempeleka alijibu bila kufikiri: wa Smithi. Ikaandikwa hivyo. Kisha Mwingereza akaenda kwao likizo na hakurudi, wala hakuaga. Ubao wake ukabaki juu ya mlango, na Thani akabaki chini ya ubao ule, kwanza mwanafunzi, kisha fundi, kisha mkubwa wa mafundi, mpaka jina lote likawa lake kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulichukua.

Unguja jina hilo halikumdhuru. Pale kila mtu ana jina la ajabu, na ukishalizoea hulisikii tena. Jirani zake walikuwa Suud na dada yake Mahfoudha, watoto wa nyumba moja kubwa ya Waarabu wa Oman, na walikua pamoja naye wakimwita Smithi kama wangemwita jina lolote lingine.

Januari ya mwaka sitini na nne kila nyumba ina hadithi yake, nami sitaisimulia ya watu wengine. Inatosha kusema kwamba Mahfoudha alifiwa na mume mwezi ule, kwamba mama yao alikuwa hawezi kutembea, na kwamba Thani, ambaye alikuwa keshafiwa na mke zamani na hakujaaliwa mtoto, alimbeba bibi yule mgongoni kutoka Malindi mpaka ndani ya meli. Hakushuka tena. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakushuka, alisema hakuona aliyemngoja bandarini.

Walipofika Maskati, afisa alisimama na kumuuliza kila mwanamume: kabila gani? Hapa hawakuulizi unajua kazi gani, wala umesoma mpaka wapi. Wanakuuliza u wa nani. Suud alilitaja kabila lake, na wazee wawili wa kabila hilo waliokuwa wamekuja kuwapokea watu wao wakaitikia. Ilipofika zamu ya Thani, Suud alisema, "Huyu yuko nasi." Thani akaingia nchini nyuma ya maneno hayo matatu.

Mama yao hakuumaliza msimu wa kwanza wa joto. Wao wakakaa nje ya Bab Kabir, lango kuu la mji, katika vile vibanda vya makuti ya mtende, kwa kuwa nyumba za ndani ya ukuta zilikuwa za wenyewe. Suud akapata ukarani kwa tajiri mmoja. Thani akaweka meza mlangoni akaanza kulehemu bati na kutengeneza kandili. Kwa amri ya Sultani, lango likishafungwa haruhusiwi mtu kupita bila kandili inayowaka mkononi, kwa hiyo fundi wa kandili hakosi kazi. Mimi nilikuwa kibanda cha pili yake. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu Unguja, nikaingia katika nchi ambayo skuli zake hazitimizi vidole vya mkono mmoja, na jioni nilifundisha Kiingereza makarani. Hasira niliyokuwa nayo juu ya jambo hilo ninayo bado, lakini leo sizungumzi habari zangu.

Nilimwona alivyokaa. Alipika chungu kimoja kikamtosha siku mbili, akala amesimama, kwa sababu, aliniambia, kuketi kula peke yako ni kama kuandaa karamu watu wasije. Mchana alikuwa na wateja, na wateja wa Maskati huzungumza. Jioni kila mtu alikwenda kwa watu wake. Siku ya Idi ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Siku hiyo kila kabila hukusanyika kwa mkubwa wao, na vijia vyote vinajaa wanaume wenye majambia na makanzu mapya, wanakwenda kula. Suud alimkaribisha mwaka wa kwanza. Wageni wakauliza huyu nani, Suud akakohoa, na mwaka wa pili Thani mwenyewe alisema ana pa kwenda. Alivaa kanzu aliyoipiga pasi, akatoka kwa haraka ya mtu anayengojwa. Nikamfuata kwa mbali. Alitembea mpaka Sidab, kijiji cha wavuvi, akaitazama bahari kidogo, akarudi. Alitaka watu wamwone anakwenda mahali.

Baada ya mafuta kuanza kuuzwa, Waingereza waliongezeka. Siku moja akaja mmoja wa kampuni na karabai iliyoziba, na alipoambiwa fundi anaitwa Smithi alicheka mpaka akakaa. Yeye pia alikuwa Smith. Akampa Thani mkono, akasema basi sisi ni ndugu.

Angejua alichokisema asingekisema. Thani alimpangusia kiti, akaagiza kahawa, akavaa kofia aliyokuwa ameiweka kando. Kisha, kwa Kiingereza chake cha karakanani, akaanza kuuliza kama mtu anavyouliza habari za kwao. Bwana Smith wa Malindi alifia wapi? Aliacha watoto? Nani aliyeshika nyumba? Mwingereza hakuelewa. Nilipomfafanulia, alisema kwa upole kabisa kwamba haiwezekani kujua. Huko kwao akina Smith wanajaza kurasa na kurasa katika kitabu cha simu. Zamani kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi aliacha jina. Wako wavuvi, maaskofu, wezi, mabwana wa ardhi. Ni wengi hata mwanamume akitaka kujificha hotelini na mke wa mtu, huandika kwamba yeye ni Smith, na hapana atakayemtafuta. Hapo akacheka tena.

"Na mmoja wao akifa?" Thani akauliza.

Mwingereza akanitazama mimi, kama kwamba nimetafsiri vibaya. Akasema akifa huzikwa, bila shaka, na jamaa zake. Akachukua karabai yake, akashukuru, akaenda.

Thani alikaa na kikombe cha mgeni mkononi, hakikunywewa.

"Watu wengi namna hiyo," aliniambia, "na hawazikani."

Hakufanya kazi tena siku ile. Nilimwambia ni bora, jina lisilomfunga mtu ni uhuru, na kama ningepewa la namna hiyo ningelivaa kwa furaha. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayesifu mvua akiwa ndani ya nyumba.

Sasa nimtaje vizuri Bibi Mahfoudha. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini, mrefu, mwenye sauti ya chini, na tangu walipofika hakupitisha siku bila kumpelekea Thani sahani iliyofunikwa kwa kawa. Watu waliona ni shukrani kwa ajili ya mama. Ilikuwa shukrani, kisha ikawa kingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, si Thani, Thani asingethubutu. Alimwambia kaka yake, wakati anamtilia chai, kwamba akiolewa tena ataolewa na Smithi, na kama si Smithi basi asiletewe mtu. Suud alicheka. Halafu akaona kwamba dada yake anamngoja amalize kucheka.

Jioni hiyo Suud alikuja kwenye meza ya kandili, akakaa juu ya debe. Mimi nilikuwapo, na hakunitaka niondoke.

"Mie sina neno nawe, Smithi," akasema. "Ulimbeba mama. Ingekuwa mie peke yangu ningewaozesha kesho. Lakini nna maami Ibra, huko bara, na wao ndio wakubwa wetu. Wataniuliza, wa nani? Niwaambie wa Smithi?"

"Waambie wa Bakhit."

"Bakhit wa nani?"

Thani akafungua kinywa, na Suud akainua mkono upesi.

"Usinambie. Sitaki kujua, wallahi sitaki. Nnachotaka ni jina la kuwapa, na mtu mkubwa mmoja wa kusema, huyu wetu. Akishasema, hapana atakayeuliza la pili. Ndivyo mambo yanavyokwenda hapa."

Alikuwa anajua. Jirani wa Malindi hashindwi kujua. Babu yake Thani alinunuliwa mtoto, akakulia katika shamba la mikarafuu la Mwarabu wa kabila ambalo sitalitaja, maana lina watu wema wengi, na waovu wake wamekwisha kufa. Unguja jambo hilo lilijulikana na halikusemwa. Suud alikuwa radhi liendelee kutosemwa. Huo ndio ulikuwa wema wake, nami sikuuthamini wakati ule.

Alikuwa hata na shauri. Alikuwa amenisikia nikieleza maana ya Smithi, kwa hiyo akasema tulifasiri tu kwa Kiarabu, tuseme Haddad. Masharifu wakubwa wa Hadhramaut wanaitwa hivyo, Unguja nzima inawabusu mikono. Thani alimuuliza, siku akija Mhadhrami wa kweli atoe mkono ubusiwe? Na zaidi ya hayo, akasema, watu wa Ibra si watu wa Unguja. Huko bara haddad ni mtu anayekutengenezea jembe, naye humwozi binti yako. Suud akakiri kwamba hilo hakulifikiria. Wakacheka wote wawili, na kwa kitambo wakawa watoto wa Malindi tena. Kisha Suud akaondoka na swali likabaki pale pale.

Mkubwa wa kabila lile la bwana wa babu yake, Sheikh Aflah, alikaa upande wa Bawshar. Thani aliniambia usiku ule kwamba atakwenda kwake. Nilimpinga kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia jina la kwanza ulipewa na mtu aliyekuacha bila kukuaga, na la pili unakwenda kuliomba kwa watu walionunua damu yako; nilimwambia nchi hii itabadilika, lazima ibadilike, na siku hiyo mtu atakuwa mtu kwa kazi ya mikono yake. Nilisema mengi. Alikuwa anasafisha utambi, hakuinua macho.

"Wewe una watu," akasema. "Mtu mwenye watu anaweza kuwakataa."

Aliyetupeleka ni Ghanim, dereva wa Landrova ya tajiri wa Matrah, mzaliwa wa Bawshar. Njiani alimfundisha Thani la kufanya. Ingia, salimia, kaa, kula tende, kunywa kahawa. Ngoja mpaka watu watoke. Halafu mwendee Sheikh peke yake, mwambie haja yako sikioni. Yeye ni mzee mpole, amekwisha kuwafanyia wengine waliotoka Sawahil; atasema huyu wetu, na mambo yatakwisha. Thani alirudia maneno hayo kimoyomoyo, niliona midomo yake.

Sabla, kama wanavyoiita baraza yao ya wageni, ilikuwa imejaa. Wote walisimama. Tukapeana mikono na kila mmoja kuizunguka baraza, na Thani, kwa kuwa ni mgeni na ni mtu mzima, alikalishwa juu, kuume kwa Sheikh. Tende zikaletwa mbele yake kwanza. Kahawa ikamiminwa yake kwanza. Nilimwona anavyokishika kikombe, kwa vidole vitatu, kana kwamba ni kitu kilichokopwa. Karibu na mlango walikuwapo wanaume watatu kutoka Sharqiya, upande wa Ibra, waliokuja kwa shughuli zao, na mmoja wao, tulikuja kujua, alikuwa jamaa wa Suud wa Ibra.

Vidole vikaoshwa. Sheikh akageuka kwa Thani, akamuuliza kwa sauti ya kusikika na wote: habari zenu? Mambo ya huko mtokako?

Mtu wa Oman, hata akiwa mtoto wa miaka saba, anajua jibu. Jibu ni kwamba hapana habari, ila kheri. Nyumba yako inaweza kuwa imeungua asubuhi hiyo, utasema hapana habari, ila kheri. Kisha utamuuliza mwenyeji, naye atajibu vivyo hivyo, na baada ya hapo ndipo mazungumzo yanaanza, na haja yako utaileta baadaye, kando. Ghanim hakututajia hilo kwa sababu halikumjia akilini kwamba yuko mtu duniani asiyelijua. Sisi wa Unguja tulilisahau kwa vizazi viwili. Kwetu mzee akikugeukia mbele ya watu akakuuliza habari zako, unampa habari zako.

Thani akazitoa. Akapiga magoti, akasema kwa Kiarabu chake cha chuoni, polepole, asikosee. Akasema yeye ni Thani bin Bakhit. Akasema babu yake alikuwa mtumwa wa watu wa kabila hili huko Unguja, akataja shamba, akamtaja bwana wa shamba. Akasema hana watu. Akasema yuko mwanamke amekubali kuolewa naye, ila ndugu zake wanataka jina. Akasema amekuja kuomba jina.

Ghanim alikohoa mara mbili katikati ya maneno hayo. Thani alidhani ni kikohozi.

Hakuna aliyecheka. Nataka hilo lijulikane. Sheikh Aflah aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akasema, mbele ya wote, kwa kuwa sasa hapakuwa na namna nyingine:

"Babu yako alikuwa wetu, na wewe ni wetu. Jina letu lichukue. Ukifa tutakuzika."

Thani akabusu bega lake. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kofia. Sheikh akaagiza kahawa nyingine, na mtu mwenye birika akaja. Safari hii alianzia kwa mzee wa kushoto. Akaenda kwa wanaume wa Sharqiya mlangoni, akanipa mimi, akampa Ghanim, na Thani, aliyekuwa bado amekaa pale juu alipokalishwa, akamiminiwa mwisho. Hakuambiwa ahame. Hapana aliyemkosea kwa neno. Mwenye birika alifanya tu alichofanya kila siku, alimpa kila mtu kwa daraja yake, na ya Thani ilikuwa imekwisha kutajwa na Thani mwenyewe.

Yeye hakuona. Njia nzima ya kurudi alizungumza, mtu ambaye nimekaa naye miaka nikamsikia maneno machache. Alisema ataezeka upya kibanda. Alisema Idi hii hatakwenda Sidab. Alilitamka jina jipya baada ya lake mwenyewe, mara moja tu, kwa aibu, akanitazama kama linamkaa. Tulipofika, Thani alipokwisha kuingia ndani, Ghanim alinishika mkono akanieleza la ile salamu. Aliniuliza, "Huko kwenu hawafundishani?"

Haukupita muda mrefu Suud akaja. Yule jamaa wa Ibra alikuwa amefika kwao kabla yetu sisi kupumua, na maami wakaleta mtu. Thani alipomwona akasimama, akataka kumpa jina, na Suud akasema analo tayari, kila mtu analo.

"Nilikwambia sitaki kujua," akasema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nilikwambia jina tu, Smithi. Jina tu. Sasa hata mie siwezi kusema sijui."

Ndipo mimi nikaingia. Nilimwambia haya ni ujahili, dini haiko hivyo, nikamtajia Bilali, mtumwa aliyeozwa binti wa Kikureshi. Suud alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bilali hakuwa na shemeji mwenye maami Ibra," akasema.

Akaendelea kumwambia Thani kwamba wakubwa wameamua dada yake asikae tena Maskati. Lori litakuja asubuhi. Mahfoudha amelia tangu adhuhuri, amekataa kula, lakini atakwenda, kwa sababu amewekewa sharti kwamba asipokwenda yeye, Suud ndiye atakayetengwa. Thani aliuliza swali moja tu, kama kule Ibra atakaa kwa watu wazuri. Suud akasema ndiyo, ni watu wazuri. Akaondoka bila kuaga, na nadhani alishindwa tu.

Nilimuuliza Thani kama atalitumia jina lile alilopewa.

"Nililitafuta kwa ajili yake," akasema. "Sasa nilipeleke wapi?"

Asubuhi yake lori la Bedford lilikuwa limekwisha simama mbele ya kibanda cha Suud kabla jua halijapanda kilima. Dereva alikuwa na haraka ya kulikimbia joto. Godoro lilipanda, vyungu vikapanda, lakini kasha la Mahfoudha lilitushinda, mimi na Suud, tukalishusha mara mbili. Suud alijipangusa uso, akatazama huku na huku, na kwa mazoea yake ya tangu utoto akaita, "Smithi, hebu tusaidie." Neno lilipomtoka akasimama kama aliyepigwa.

Thani akatoka. Alikuja na kamba begani. Aliliinamia kasha, akalipandisha, kisha yeye mwenyewe akapanda juu ya lori akaanza kupanga upya yale tuliyoyatupa ovyo. Cherehani aliilaza juu ya godoro ili isivunjike njiani. Vyungu alivitia majani katikati. Akafunga kamba huku na huku, akavuta kila fundo mara mbili, halafu nyuma ya dereva, upande ambao jua lingechelewa kufika, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaikunjia gunia la kukalia.

Mahfoudha alitoka amejifunika. Alipanda kwa upande wa pili, akaiona ile nafasi, akakaa. Thani alikuwa keshashuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kwa jina alilopewa na baba yake.

"Ahsante, Thani," akasema.

"Mkifika kamba msiikate," akamjibu. "Ifungueni. Itakufaa tena."

Lori likageuka, likashika njia ya Matrah, likapotea nyuma ya mwamba. Vumbi lilipotua, Thani alikuwa bado amesimama pale lilipokuwa lori, katikati ya alama mbili za magurudumu. Punda wa maji wakaja kutoka visimani, wanane au tisa, wamebanana njiani na viriba vyao. Hakusogea. Wakagawanyika wenyewe, wakampita huku na huku, wakaendelea langoni.